Dawa Iliyotoka Katika Mifupa ya Majirani

Mwezi Aprili mwaka 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa mpya ya kutibu ugonjwa wa mifupa uitwao ostioporosisi. Japani ilikuwa imekwisha kufanya hivyo mwezi Januari mwaka huo huo, na Umoja wa Ulaya ulifuata mwezi Desemba. Jina la dawa hiyo ni romosozumabu. Ilitengenezwa na kampuni mbili kubwa, Amgen ya Marekani na UCB ya Ubelgiji, na mtu anayesoma habari hiyo juu juu aweza kudhani kwamba ni jambo la nchi tajiri peke yao, lisilokuwa na uhusiano wowote na kanda hii ya Afrika.

Dhana hiyo si sahihi. Siri iliyowezesha dawa hiyo kupatikana ilifichuliwa kwa sehemu kubwa katika mifupa ya familia chache za Afrika ya Kusini, ambazo kwa vizazi vingi zimeteswa na maradhi adimu. Kwa hiyo habari ya romosozumabu ni habari ya nchi jirani. Aidha, ni habari inayomhusu kila mtu anayevaa magwanda, kwa kuwa askari hufanya kazi yake kwa mifupa yake kwanza, na kwa silaha yake baadaye.

Ili jambo lenyewe lieleweke, ni lazima kuanza na mfupa. Watu wengi hudhani kwamba mfupa wa mtu mzima ni kitu kikavu, kama nguzo ya nyumba, ambayo ikisha kusimamishwa haina kazi nyingine ila kungoja mchwa. Ukweli ni kwamba mfupa ni kitu hai. Kila siku sehemu fulani za mifupa ya binadamu hubomolewa, na sehemu nyingine hujengwa. Katika muda wa kama miaka kumi, karibu mifupa yote ya mtu mzima huwa imekwisha kufanywa upya. Tena mfupa ni ghala: asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imehifadhiwa humo, na damu ikipungukiwa, huenda kuchukua huko huko.

Kazi hiyo ya kubomoa na kujenga hufanywa na vikosi viwili. Kikosi cha kwanza ni cha chembe hai ziitwazo ostioklasti. Hizi hutoa asidi na vimeng'enya vinavyoyeyusha mfupa uliochakaa, zikaacha shimo dogo. Kikosi cha pili ni cha chembe hai ziitwazo ostioblasti, ambazo huja nyuma na kulijaza shimo hilo kwa mfupa mpya. Wabomoaji humaliza kazi yao katika muda wa kama wiki tatu. Wajenzi huhitaji miezi mitatu au minne kukarabati mahali pale pale. Askari yeyote aliyewahi kushuhudia daraja likivunjwa na baadaye likijengwa upya anaielewa tofauti hiyo. Kubomoa ni upesi, kujenga ni taratibu. Na mabomoko yakizidi ukarabati, hata kwa kiasi kidogo tu, baada ya miaka mingi upungufu huwa mkubwa.

Lakini vikosi havifanyi kazi bila ya amri. Baadhi ya wajenzi, wakisha kumaliza kazi yao, huzikwa ndani ya mfupa walioujenga wenyewe, wakageuka kuwa walinzi. Chembe hizo huitwa ostiosaiti, nazo ni zaidi ya asilimia 90 ya chembe zote za mfupa. Huwasiliana kwa nyuzi nyembamba sana, na huhisi kila uzito unaoangukia mfupa: hatua ya gwaride, mruko wa shimoni, mzigo wa shanta mgongoni. Hao ndio wanaotoa amri kwamba hapa pabomolewe, pale pajengwe, na pale pengine kazi isimame.

Ostioporosisi ni ugonjwa unaotokea pale ambapo mizani hiyo imepinduka kwa muda mrefu. Mfupa huwa mwepesi, kuta zake za ndani huwa nyembamba, na matundu yake hupanuka. Kwa nje hauonyeshi dalili yoyote. Hauumi, hauvimbi, wala haumzuii mtu kwenda shambani. Ugonjwa hujitokeza siku mtu anapoteleza bafuni, au anapoinua ndoo ya maji, nyonga au kifundo cha mkono kikavunjika, au pingili ya uti wa mgongo ikajibana. Mzee aliyekuwa mrefu akaonekana amepinda na kupungua kimo, mara nyingi si uzee peke yake uliompinda. Ni pingili za mgongo wake zilizovunjika kimya kimya.

Sababu za kupinduka kwa mizani hiyo ni nyingi. Ya kwanza ni homoni iitwayo estrojeni, ambayo huwazuia wabomoaji wasizidi kiasi. Mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, homoni hiyo hupungua ghafla, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata aweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Ya pili ni umri: mfupa huwa umefikia nguvu zake za juu kabisa mtu akiwa na miaka kama 30, na baada ya hapo ni safari ya kushuka. Ya tatu ni upungufu wa kalsiamu na vitamini D, ambao hulazimisha mwili kuchota kutoka katika ghala la mifupa. Ya nne ni dawa, hasa zile za jamii ya kotizoni zinapotumiwa kwa muda mrefu. Kisha kuna sigara, pombe nyingi, na kukaa bila ya kazi ya mwili. Wana-anga, ambao mifupa yao haibebi uzito wakiwa angani, walipoteza asilimia moja hadi moja na nusu ya uzito wa mfupa wa nyonga kwa kila mwezi, kabla ya kubuniwa mazoezi makali ya kuzuia jambo hilo.

Inafaa hapa kuondoa kosa moja lililoenea makambini, nalo ni lile la kusema kwamba haya ni maradhi ya wanawake wazee. Ni kweli kwamba wanawake huathirika zaidi. Hata hivyo, hesabu zinazotumiwa na wataalamu duniani zinaonyesha kwamba kwa watu waliotimiza miaka 50, mwanamke mmoja katika kila watatu, na mwanamume mmoja katika kila watano, atavunjika mfupa kutokana na udhaifu huo katika maisha yake yaliyobaki. Tena mwanamume akivunjika nyonga, hatari yake ya kufa katika mwaka unaofuata huwa kubwa kuliko ya mwanamke. Sajenti mstaafu aliyebeba bunduki miaka 30 hana kinga yoyote ya pekee.

Kuna na kosa la pili, linalowagusa vijana. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza habari za askari waliovimba miguu na kushindwa kutembea baada ya safari ndefu za kwata. Mionzi ya eksirei haikuwa imegunduliwa bado. Ilipogunduliwa mwaka 1895, ndipo ilipokuja kuonekana kwamba mifupa ya nyayo za askari kama hao ilikuwa na nyufa. Jambo hilo likaitwa mvunjiko wa kwata. Huo si ugonjwa wa ostioporosisi, lakini chanzo chake ni sheria ile ile: kuruta anapozidishiwa mzigo upesi kuliko uwezo wa wajenzi wa mifupa yake, wabomoaji hutangulia mbele na wajenzi huachwa nyuma. Uchunguzi mmoja wa wanawake 5,201 waliojiunga na jeshi la majini la Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba waliopewa kalsiamu na vitamini D kwa wiki nane za mafunzo walipata mivunjiko ya namna hiyo kwa kiasi cha asilimia 20 pungufu kuliko wenzao. Kwa hiyo kuruta anayelalamika kwamba mguu unauma mahali pamoja, siku baada ya siku, si mvivu mpaka daktari wa kikosi athibitishe hivyo.

Ama kuhusu tiba, juhudi zilianza zamani. Mnamo mwaka 1940 daktari Fuller Albright wa Boston alionyesha uhusiano baina ya ukomo wa hedhi na udhaifu wa mifupa, na estrojeni ikaanza kutumiwa kama dawa. Iliendelea kutumiwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulipoonyesha kwamba mchanganyiko wa homoni uliokuwa ukitolewa kwa wanawake wengi, ingawa ulipunguza mivunjiko, uliongeza saratani ya matiti na kiharusi. Tangu hapo madaktari wakawa waangalifu zaidi.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha alendronati, kidonge kinachong'ang'ania mfupa na kuwaua wabomoaji wanapokuja kuuyeyusha. Katika majaribio ya wanawake ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika, kidonge hicho kilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa karibu nusu. Mwaka 2007 ikaja dawa ya jamii hiyo hiyo inayotiwa katika mshipa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka 2010 ikaja denosumabu, sindano ya kila miezi sita, ambayo huizuia protini inayowaita wabomoaji kazini.

Dawa hizo zimewaokoa watu wengi. Lakini zote ni za aina moja: kazi yake ni kuwazuia wabomoaji. Mfupa uliokwisha kupotea haziurejeshi kwa kiasi kikubwa. Licha ya hayo, kila moja ina mipaka yake. Vidonge vya jamii ya alendronati vikitumiwa kwa miaka mingi vimeonekana, kwa wagonjwa wachache sana, kuleta mvunjiko usio wa kawaida wa paja au maradhi ya mfupa wa taya. Denosumabu ikiachwa ghafla, wabomoaji hurudi kwa nguvu mpya, na wagonjwa wengine wamevunjika pingili kadhaa kwa mara moja. Dawa nyingine iliyotazamiwa kwa hamu, odanakatibu, ilifikia hatua za mwisho kabisa za majaribio. Mwaka 2016 kampuni ya Merck ikaamua kuiacha kwa sababu iliongeza hatari ya kiharusi. Hiyo ndiyo hali ya utafutaji wa dawa. Njia nyingi hufunguliwa, na nyingi hufungwa.

Kilichotafutwa kwa muda mrefu ni dawa ya kuwaamsha wajenzi. Mwaka 2002 ilipatikana ya kwanza, teriparatidi, inayotokana na homoni ya tezi ndogo za shingoni, nayo hudungwa kila siku. Lakini swali kubwa lilibaki: ni nani hasa anayewaamuru wajenzi waache kazi? Jibu la swali hilo ndilo lililotoka Afrika ya Kusini.

Miongoni mwa Waafrikana wa nchi hiyo, ambao katika Kiswahili walizoeleka kwa jina la Makaburu, kuna maradhi ya kurithi yaitwayo sklerostiosisi. Askari wazee wa nchi zilizokuwa mstari wa mbele wanalikumbuka jina la Makaburu kwa sababu nyingine kabisa. Lakini maradhi hayaulizi siasa za mtu, na elimu ya tiba haina budi kumtazama mgonjwa kama mgonjwa. Waafrikana wametokana kwa sehemu kubwa na walowezi wachache waliotoka Uholanzi na nchi jirani zake tangu karne ya 17, na kwa kuwa walioana wao kwa wao, kasoro iliyokuwamo katika damu ya mmoja wao wa zamani ilipata kukutana na yenyewe katika vizazi vya baadaye. Mtoto akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia, mifupa yake haiachi kukua unene.

Mtu mwenye maradhi hayo aghalabu huwa mrefu na mwenye taya kubwa. Wengi huzaliwa na vidole vilivyoshikamana. Mifupa yake ni migumu kiasi kwamba haivunjiki kwa urahisi hata katika ajali. Mtu aweza kudhani kuwa hiyo ni baraka. Lakini fuvu la kichwa nalo huzidi kuwa nene. Matundu ambamo mishipa ya fahamu hupita hubanwa, uso ukapooza, na masikio yakaziba. Mwishoni ubongo wenyewe hukosa nafasi, na wagonjwa kadhaa wamekufa ghafla katika ujana wao kwa sababu ya mbano huo. Herman Hamersma, daktari bingwa wa masikio, aliwafanyia upasuaji wagonjwa hao kwa miaka mingi, akiwapanulia njia za mishipa na kupunguza mbano kichwani. Yeye pamoja na Peter Beighton, mtaalamu wa magonjwa ya kurithi wa Cape Town, walieleza habari za maradhi hayo kwa makini katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 walichapisha pamoja na mwenzao taarifa ya wagonjwa 25.

Taarifa za madaktari hao na damu ya familia hizo ziliwawezesha wataalamu wa nchi nyingine kuendelea. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti, moja likifanya kazi Marekani na jingine likiongozwa kutoka Antwerp, Ubelgiji, yalitangaza kwamba yameipata jeni iliyoharibika. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza protini iliyopewa jina la sklerostini. Protini hiyo hutolewa na wale walinzi waliozikwa ndani ya mfupa, nayo ndiyo amri ya kuwaambia wajenzi wasimame. Mtu asiyekuwa nayo hujenga mfupa bila ya kikomo. Na mwili unapobebeshwa mzigo, walinzi hupunguza sklerostini, wajenzi wakapata nafasi ya kufanya kazi. Hapo ikafahamika vizuri zaidi kwa nini mtu anayefanya kazi ya nguvu huwa na mifupa imara, na kwa nini anayelazwa kitandani kwa miezi mingi mifupa yake hudhoofika.

Jambo moja zaidi liliwapa watafiti ujasiri. Wazazi na ndugu wa wagonjwa, wenye nusu tu ya kasoro hiyo, walipopimwa Afrika ya Kusini walionekana kuwa na mifupa mizito kuliko ya watu wengine, lakini bila ya mateso ya wagonjwa wenyewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Maana yake ilikuwa wazi: sklerostini ikipunguzwa kwa kiasi, bila ya kuondolewa kabisa, mfupa hunenepa na mtu hubaki salama. Kwa njia hiyo mifupa ya watu hao ilijibu swali ambalo maabara pekee isingeweza kulijibu.

Romosozumabu hufanya hivyo hivyo. Hudungwa mara moja kila mwezi kwa muda wa miezi 12, nayo huishika sklerostini isiwafikie wajenzi. Katika majaribio ya wanawake 7,180, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, mivunjiko mipya ya pingili ilipungua kwa asilimia 73 katika mwaka wa kwanza, ikilinganishwa na waliopewa sindano isiyo na dawa. Katika majaribio mengine ya wanawake 4,093, ya mwaka 2017, ilionekana kuwa bora kuliko alendronati peke yake. Lakini majaribio hayo hayo yalitoa onyo: katika mwaka wa kwanza matatizo makubwa ya moyo na mishipa yaliwapata asilimia 2.5 ya waliotumia romosozumabu, na asilimia 1.9 ya waliotumia alendronati. Kwa hiyo dawa hiyo imebandikwa onyo kali, na haifai kupewa mtu aliyepatwa na shambulio la moyo au kiharusi katika mwaka uliotangulia. Aidha, miezi 12 ikisha, ni lazima mgonjwa aendelee na dawa ya kuwazuia wabomoaji, ama sivyo kilichojengwa kitapotea.

Sasa ndipo linapokuja jambo linalopasa kufikiriwa na kila mwananchi wa kanda hii. Romosozumabu ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2019, bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 1,825 kwa mwezi, yaani dola 21,900 kwa matibabu ya mwaka mmoja. Hakuna haja ya kufanya hesabu ndefu ili kujua ni mama wa askari yupi katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika awezaye kulipa fedha hizo. Wala familia zenyewe zilizotoa damu yao hazikutibiwa na dawa hiyo; wao wana mfupa mwingi kupita kiasi, na haja yao ni kinyume chake. Mateso yao yalitoa elimu, elimu ikazaa bidhaa, na bidhaa ikapelekwa kwenye soko la matajiri. Si vibaya kwamba kampuni zilipata faida kwa kazi ngumu waliyoifanya kwa miaka mingi. Lakini si haki pia kwamba kanda iliyotoa ufunguo ibaki nje ya mlango.

Wapo watakaosema kwamba Waafrika hawana haja ya dawa hizo, kwa kuwa mifupa yao haivunjiki. Usemi huo una historia yake. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha uchunguzi wa Johannesburg ulioonyesha kwamba Waafrika weusi walivunjika nyonga kwa nadra sana. Matokeo hayo yalikuwa ya wakati ule na ya watu wa wakati ule. Lakini yalirudiwa kwa miongo mingi kama kwamba ni sheria ya maumbile. Katika mwaka 2017 na 2018 wachunguzi walikusanya habari za waliovunjika nyonga katika majimbo matatu ya Afrika ya Kusini, Gauteng, KwaZulu-Natal na Western Cape. Walikuta kwamba watu wa rangi zote huvunjika, na kwamba hali ya Waafrika weusi si ile tena iliyoandikwa mwaka 1968. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, wengi wamehamia mijini, na kazi za nguvu zimepungua.

Kuna na sababu nyingine, ambayo nchi jirani haziwezi kuifumbia macho. Watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika kanda hii wanafikia uzee kwa sababu ya dawa, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini virusi vyenyewe huudhuru mfupa, na tenofoviri, ambayo imo katika dawa zinazotumiwa na wengi, hupunguza uzito wa mfupa kwa kiasi kidogo mgonjwa anapoanza kuitumia. Watafiti wa Harare wameonyesha kwamba watoto waliozaliwa na virusi hivyo mara nyingi huwa na mifupa midogo na myepesi kuliko ya wenzao, na majaribio ya kuwapa vijana kama hao vitamini D na kalsiamu yamefanyika Zimbabwe na Zambia. Faida ya dawa za UKIMWI ni kubwa mno kuliko hasara hiyo, na asiwepo mtu wa kuziacha kwa kisingizio cha mifupa. Linalotakiwa ni kwamba mifupa nayo iangaliwe.

Je, ni hatua gani zinazowezekana? Ya kwanza iko mikononi mwa kila askari. Mfupa wa uzeeni huwekewa akiba ujanani. Mazoezi yanayobebesha mwili uzito, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa na mtindi, jua la kiasi, na kuacha sigara na pombe nyingi, hayo ni mambo yasiyohitaji fedha za kigeni. Askari anapostaafu asivue mazoezi pamoja na viatu vya buti, kwa maana walinzi walio ndani ya mfupa hawajui kwamba amestaafu. Wanachojua ni kwamba mzigo umeondoka.

Hatua ya pili ni ya makamanda na madaktari wa vikosi. Mafunzo ya makuruta yapandishwe mzigo kwa ngazi, na maumivu ya mfupa yachunguzwe mapema. Mtu mwenye zaidi ya miaka 50 akivunjika mfupa kwa kuanguka akiwa amesimama tu, asifungwe plasta na kurudishwa nyumbani bila ya kuulizwa sababu. Mvunjiko wa kwanza ni onyo la mvunjiko wa pili, na ndio wakati wa kuanza tiba.

Hatua ya tatu ni ya serikali. Alendronati haina tena hakimiliki, na hutengenezwa kwa bei nafuu na viwanda vingi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha nakala ya kwanza ya denosumabu, na nakala zikizidi, bei hushuka. Nchi za SADC zimekwisha kuwa na mpango wa kununua dawa kwa pamoja, ambao Bohari ya Dawa ya Tanzania ilikabidhiwa jukumu la kuuratibu. Nchi moja ikienda sokoni peke yake hupangiwa bei. Nchi nyingi zikienda pamoja huweza kujadiliana. Dawa za mifupa zinastahili kuingizwa katika mazungumzo hayo. Na itakapofika siku nakala za romosozumabu nazo kuruhusiwa, sauti ya kanda iliyotoa wagonjwa, madaktari na damu ya uchunguzi ina kila sababu ya kusikika.

Utafutaji wa dawa bora haujaisha. Bado inatakiwa dawa ya kujenga mfupa isiyotia moyo hatarini, inayomezwa badala ya kudungwa, na inayoweza kununuliwa na zahanati ya wilaya. Mpaka itakapopatikana, mama aliyemlea askari ataendelea kuinua ndoo yake ya maji kila asubuhi. Kumpima mapema na kumtibu kwa dawa zilizopo si ukarimu wa mtu yeyote. Ni deni la wanawe na la nchi yake.